Mizani ya Pamba na Kura Tatu

Kabla ya Uhuru, mkulima wa Usukuma aliyefikisha pamba yake kwenye kituo cha kununulia alikuta Tanganyika nzima imepangwa pale pale kwa rangi. Bei ya msimu ilikuwa imekwisha kupangwa na Mzungu aliyekaa ofisini mbali. Aliyeshika mzani alikuwa Mhindi, au karani wake. Aliyebeba gunia mgongoni, akalishusha, akasimama kando akisubiri kuambiwa lina ratili ngapi, alikuwa yeye mwenyewe.

Malalamiko yaliyotoka kwenye vituo hivyo hayakubadilika mwaka hadi mwaka. Mshale wa mzani bado unatikisika, karani amekwisha kutaja namba. Ratili za juu ya kumi zinaachwa kama vile hazina mwenyewe. Pamba nyeupe, iliyochambuliwa nyumbani na mama na watoto, inatupwa kwenye fungu la fifi kwa bei ya chini, na hakuna wa kumkatia rufaa. Asiyejua kusoma hana ushahidi isipokuwa mgongo wake: yeye ndiye aliyelibeba gunia lile tangu kijijini, anaujua uzito wake.

Historia ya TANU, chama kilichodai Uhuru, husimuliwa kuanzia Dar es Salaam, Julai 1954. Ukiwa Mwanza, huwezi kuianzia hapo. Siasa za Jimbo la Ziwa, kama eneo hili lilivyoitwa wakati ule, zilianzia kwenye mizani, na hilo lilizipa tabia yake. Mtu aliyeibiwa kwenye mzani anataka mzani wa haki. Rangi ya mwizi anaiona, tena anaiona vizuri sana, lakini kinachomuuma ni zile ratili.

Mwanza yenyewe ulikuwa mji wa biashara. Reli kutoka Tabora ilifika mwaka 1928, na meli za ziwani ziliuunganisha na Bukoba, Musoma, Kisumu na bandari za Uganda. Wazungu walikaa penye vilima na upepo wa ziwa. Wahindi walikaa mjini kati, duka chini, familia juu. Waafrika walijenga kando ya Mto Mirongo na kwingine walikoachiwa. Hakuna aliyehitaji kuandikiwa kibao ili ajue mpaka uko wapi.

Mpango huo wa mitaa Gavana Edward Twining aliugeuza kuwa katiba. Tangu mwaka 1955, upande wa wajumbe wasio wa serikali katika Baraza la Kutunga Sheria ulikuwa na viti 30: Waafrika 10, Waasia 10, Wazungu 10. Kwa jicho la mgeni ni usawa. Sasa tazama sensa ya 1957: Waafrika walizidi milioni nane na nusu, Waasia hawakufika 80,000, Wazungu walikuwa kama 20,000. Kiti kimoja cha Mzungu kilisimama kwa watu 2,000 hivi, cha Mwafrika kwa zaidi ya watu 800,000. Mkulima wa Kwimba ambaye hakuwahi kusikia jina la Twining angeutambua mchezo huu mara moja, maana ulikuwa ule ule wa kituo cha pamba.

Swali ambalo wengi hawaliulizi ni kwa nini Wasukuma hawakuunda chama chao. Ndilo kabila kubwa kuliko yote nchini, na kufikia miaka ya 1950 walizidi watu milioni moja. Ng'ambo ya ziwa, Waganda walikuwa na Kabaka wao, bunge lao la Lukiiko na Mengo yao, na Uganda ilipokaribia Uhuru wakaunda chama chao, Kabaka Yekka. Hata Usukuma mitambo ya siasa ya namna hiyo ilikuwapo, na aliyeijenga ni Mwingereza. Baada ya Vita Kuu ya Pili, himaya zipatazo hamsini za watemi ziliunganishwa kuwa shirikisho moja, makao yake Malya, wilayani Kwimba. Kulikuwa na baraza, bajeti, majengo na mpango mkubwa wa maendeleo. Kilichokosekana ni mapenzi ya watu.

Ilikuwaje? Shirikisho la Malya ndilo lililopitisha amri. Lima matuta ya kukinga maji, tena yazibwe kwa vituta vya kukata. Panda mihogo ya akiba. Ng'oa mashina ya pamba yachomwe ifikapo tarehe fulani. Mwaga samadi. Punguza ng'ombe, na wanaobaki walipie kodi. Baadhi ya amri hizo zilikuwa na akili ndani yake, na bwana shamba wa leo angeweza kuzitetea nyingi: mashina ya pamba yasipochomwa, funza hubaki shambani. Lakini zililetwa kwa faini. Asiyelima matuta alipelekwa mbele ya mahakama ya mtemi, na mtemi yule yule alilipwa mshahara na serikali. Mtemi wa zamani alikuwa na wazee wake wa kumshauri na, ikibidi, wa kumwondoa. Mtemi wa miaka ya 1950 alimwogopa bwana DC, mkuu wa wilaya wa kikoloni, kuliko alivyowaogopa wazee. Hivyo hasira ya mkulima ilianza na wakubwa wa kabila lake mwenyewe. Ni vigumu kuunda chama cha kabila wakati kabila, kwa sura yake rasmi, ndilo linalokutoza faini.

Basi watu wakageukia kwingine. Mjini Mwanza kulikuwa na tawi la TAA, chama kilichotangulia TANU, lililochangamka kuliko mengi nchini, na viongozi wake wakuu walitoka kila upande. Saadani Abdu Kandoro, mshairi, alitoka upande wa Kigoma. Bhoke Munanka alikuwa Mkurya wa Tarime. Paul Bomani alizaliwa Musoma mwaka 1925, mtoto wa mchungaji wa Wasabato, akasoma Ikizu. Lugha yao ya kazi ilikuwa Kiswahili kwa sababu hawakuwa na nyingine ya pamoja. Mwezi Julai 1954, watu 17 walipokutana Dar es Salaam kuianzisha TANU, watano walitoka Jimbo la Ziwa: Kandoro, Lameck Makaranga, Abubakari Ilanga, Suleiman Kitwana na Kisung'uta Gabara. Hakuna jimbo la bara lililopeleka wengi kama hao.

Serikali ililiona hilo. Kabla mwaka haujaisha, TANU ilikataliwa kuandikishwa Usukuma, na marufuku hiyo ikaendelea hadi 1958. Kandoro alifukuzwa jimboni. Kwa miaka ya mwanzo kabisa ya chama, kipindi ambacho matawi yanafunguliwa Pwani, Tanga na Kilimanjaro, kanda yenye watu wengi kuliko zote ilifungiwa mlango.

Hapo ndipo ushirika ulipochukua nafasi. Bomani alianza na wafanyabiashara wadogo wa Kiafrika wa Mwanza, kisha akazunguka vijijini kwa wakulima wa pamba. Hoja yake ilikuwa nyepesi: tuweke mtu wetu kwenye mzani. Wakulima walichanga, wakaajiri wapimaji wao wasimame kando ya karani wa mnunuzi na kusoma mshale. Ukerewe walikuwa miongoni mwa waliotangulia. Nasikitika kwamba hatuna sanamu ya yule mpimaji, kijana mwenye madarasa machache na daftari, aliyemwambia karani kwa sauti, mbele ya watu, kwamba namba aliyotaja siyo iliyoonyeshwa.

Mwaka 1955 vyama hivyo viliungana kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, na Bomani, aliyekuwa amekwenda kusomea ushirika Loughborough, Uingereza, akawa meneja mkuu. Mwaka uliofuata shirikisho lilikuwa na kiwanda chake cha kuchambua pamba pale Kasamwa, Geita. Kufikia mwisho wa muongo, ununuzi wa pamba kwa mkulima ulikuwa mikononi mwa ushirika, na shirikisho likawa miongoni mwa makubwa kabisa barani Afrika. Wanunuzi wa Kihindi waliondoka kwenye mizani bila jiwe kurushwa dukani kwa mtu. Jambo hili linastahili kutazamwa mara mbili. Kulikuwa na kila sababu ya chuki, na wenye kuichochea hawakukosekana, lakini kulipatikana chombo cha kuigeuza hasira kuwa hesabu za vitabu.

Serikali ya kikoloni ilijikuta kwenye kona. Chama cha siasa imekipiga marufuku, ila ushirika inauhitaji: unaleta pamba, pamba inaleta kodi. Bomani aliteuliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria, na hadharani aliutenga ushirika na siasa. Mkutano wa ushirika ulikuwa halali. Waliohudhuria walikuwa wale wale ambao wangehudhuria wa TANU.

Mambo yalifumuka Geita. Baada ya kuipata hesabu yake ya rangi kule juu, serikali ilitaka kuishusha hadi wilayani: mabaraza ya wilaya yawe na Waafrika, Waasia na Wazungu. Geita ikachaguliwa kuwa ya mbele. Wilaya ile ilikuwa ya wahamiaji, Wasukuma waliovuka ghuba kutafuta ardhi mpya ya pamba na malisho, wamechanganyika na Wazinza na wengine. Wazungu na Wahindi walikuwapo, wachache, kwenye dhahabu na madukani. Watu waliuliza: hawa wanaingia barazani kwa sababu gani, na wakishaingia watakata shauri gani kuhusu ardhi? Mtu aliyehama mara moja kwa ajili ya shamba hawezi kulichukulia swali hilo kwa utani.

Katikati ya 1958 walikataa. Walikataa baraza, wakakataa na amri za kilimo pamoja nalo, maana kwao lilikuwa gunia moja. Kisha wakaondoka kwenda Mwanza kumwona mkuu wa jimbo. Geita iko ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza. Anayekwenda mjini ama avuke maji ama azunguke mbali sana kwa miguu. Umati uliofika ulipiga kambi mjini ukisubiri jibu. Jibu lililokuja ni polisi na mabomu ya machozi. Lakini mwishowe serikali ndiyo iliyorudi nyuma: mpango wa kuyalazimisha mabaraza ya rangi tatu uliwekwa kando, na marufuku dhidi ya TANU Usukuma ikaondolewa. Twining alikuwa amekwisha kuondoka, na Gavana mpya, Richard Turnbull, aliupokea mgogoro huo katika miezi yake ya kwanza kazini.

Miezi ileile Julius Nyerere alikuwa kizimbani Dar es Salaam, akishtakiwa kwa makala yaliyowashambulia mabwana DC wawili katika gazeti la chama. Agosti 1958 alitiwa hatiani: alipe faini ya shilingi 3,000 au akae jela miezi sita. Alilipa. Wakati huo huo, sheria ya uchaguzi uliokuwa unakuja ilitaka mpigakura awe na kipato cha shilingi 3,000 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo fulani. Kwa maneno mengine, kiongozi wa wengi alitozwa kwa kosa moja kiasi ambacho wengi wake hawakukipata kwa mwaka mzima, na kwa kutokukipata hawakuruhusiwa kumpigia kura.

Uchaguzi wenyewe ulikuwa wa kura tatu. Kila jimbo la uchaguzi lilikuwa na kiti cha Mwafrika, cha Mwasia na cha Mzungu, na mpigakura, awe wa rangi gani, alitakiwa achague mmoja katika kila fungu. Wanachama wengi wa TANU walitaka kususia. Katika mkutano wa Tabora wa Januari 1958 Nyerere aliwashawishi waingie, na hapo chama kikapasuka kidogo: Zuberi Mtemvu aliondoka kuanzisha Congress, akishikilia Afrika kwa Waafrika tu. Sijui kama waliotunga kura tatu walitambua walichokifanya. Kwa kuwalazimisha Waafrika kumchagua Mhindi na Mzungu, waliipa TANU nafasi ya kuamua Mhindi yupi na Mzungu yupi. Kampeni ya kupinga rangi ikaendeshwa kwa kutumia fomu za rangi. Chama cha UTP, kilichoundwa mwaka 1956 kuutetea mpango wa Twining, kilifutika. Zamu ya Jimbo la Ziwa ilipofika Februari 1959, Bomani aliingia barazani, na miongoni mwa Wazungu walioingia kwa kuungwa mkono na TANU alikuwamo Barbro Johansson, Mswidi, mwalimu wa wasichana kule Kashasha, Bukoba.

Dini nayo ingeweza kuwa mlango wa mgawanyiko. Mapadre wa Kikatoliki walikuwa Bukumbi tangu 1883, Wasabato na Waprotestanti wengine walikuwa na misheni zao kuelekea mashariki, na Uislamu ulikuwa mjini na kwenye njia za biashara. Uganda ilipoelekea Uhuru, chama cha DP kilijulikana kuwa cha Wakatoliki na cha UPC kikaegemea kwa Waprotestanti. Tanganyika kilikuwapo chama cha Waislamu, AMNUT, kilichotaka Uhuru ucheleweshwe hadi Waislamu wapate elimu ya kutosha. Madai yake kuhusu elimu hayakuwa ya uongo. Shule nyingi zilikuwa za misheni. Lakini huku Ziwani chama hicho hakikuota. Usukuma wa miaka ile, mtu wa kawaida hakuwa Mwislamu wala Mkristo, alikuwa anatambikia wazee wake. Ugomvi wa msikiti na kanisa ungemgawanya nani?

Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, bunge lilijadili nani awe raia. Wabunge kadhaa walitaka uraia uende kwa Waafrika peke yao kwanza. Nyerere alikuja juu, akawafananisha na wabaguzi ambao wao wote walikuwa wakiwapinga, na akasema wazi kwamba serikali yake itajiuzulu sheria hiyo ikikataliwa. Ilipita. Katika kizazi hicho cha wanasiasa alikuwamo Amir Jamal, Mtanganyika wa asili ya Kihindi. Alizaliwa Mwanza mwaka 1922. Akiwa mwanafunzi India alihudhuria mkutano wa Bombay wa 1942, ule uliowataka Waingereza waondoke, na aliporudi alisimama na TANU. Kwa hiyo mji mmoja wa ziwani ulitoa Bomani, aliyewaondoa Wahindi kwenye mizani, na Jamal, mtoto wa Wahindi hao hao wa biashara. Wakakaa serikali moja. Himaya za watemi nazo zilifutwa kisheria mapema 1963, na Malya ikabaki na majengo yake.

Ushirika, ukishaondokewa na adui yake, uligeuka. Makarani waliongezeka. Makato yaliongezeka: ya chama cha msingi, ya muungano, ya shirikisho, ya hiki na kile, na mkulima akawa anapokea senti zilizokwisha kupitia mikono mingi. Mizani iliyolalamikiwa sasa ilikuwa ya mtu wa kwao. Wapo waliosema ni propaganda za maadui wa taifa. Wakulima hawakuwa na subira na maelezo hayo.

Septemba 1965 ulifanyika uchaguzi wa kwanza chini ya chama kimoja. Karibu kila jimbo lilikuwa na wagombea wawili wa TANU, mmoja na alama ya jembe, mwingine ya nyumba, na kanuni zilikataza kampeni za kabila, rangi au dini, na kutumia lugha yoyote isipokuwa Kiswahili. Paul Bomani, Waziri wa Fedha wa Jamhuri, baba wa ushirika wa pamba, aligombea nyumbani Mwanza. Alishindwa.

Siku hiyo hakukuwa na Mhindi wa kulaumiwa wala Mzungu wa kusingiziwa. Waliompigia na waliomnyima walikuwa majirani. Nyerere alimrudisha bungeni kwa kumteua na kumpa wizara nyingine, na baadaye Bomani akawa balozi Washington kwa miaka mingi. Wizara ya Fedha alikabidhiwa Amir Jamal.

Pande nyingine za ziwa zilikuwa zinaelekea kwingine. Oktoba 1969 Rais Kenyatta alikwenda Kisumu, miezi mitatu baada ya Tom Mboya kuuawa. Watu walimzomea, walinzi wakafyatua risasi, na chama cha KPU cha Oginga Odinga kikapigwa marufuku. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 wawe wameondoka. Tusijisifu sana. Aprili 1971 Tanzania ilipitisha sheria ya kutaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya shilingi 100,000 na zaidi. Haikutaja rangi popote, ila mjini Mwanza, kama kwingine, kila mtu alijua maghorofa hayo ni ya nani, na familia nyingi za Kihindi zilifungasha zikaondoka.

Shirikisho la Victoria halikudumu. Tume ya Rais ya 1966 ilikuta uzembe na ubadhirifu katika vyama vya ushirika, serikali ikashika usimamizi, na mwaka 1968 mahali pake pakachukuliwa na chama kikuu cha ushirika cha Nyanza. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vyote nchini vilifutwa kwa amri, na ununuzi wa pamba ukapewa mamlaka ya serikali. Ushirika uliporuhusiwa tena miaka ya 1980, Nyanza ilifufuliwa ikarithi vinu na madeni. Katika sherehe za Uhuru, Mwanza huikumbuka Geita ya 1958 na humkumbuka Bomani kwa haki yake. Kura ya 1965 haitajwi, ingawa ndiyo mara ya kwanza mkulima wa pamba kupima aliyekuwa anampimia.